Maji Yasiyoanikwa

Katika nchi ya Vuguvugu hapakuwa na aibu kubwa kama kitu kubaki katika hali yake. Uji haukunywewa ukifuka moshi. Ulisubiriwa mpaka ukafanya utando juu, ndipo mwenye nyumba akasema bismillahi. Habari haikutangazwa siku ya tukio; ilihifadhiwa mpaka waliogombana wakasahau nani alianza, ndipo ikasomwa barazani kwa sauti ya mtu anayehesabu vitunguu. Bwana arusi alikatazwa kutabasamu mpaka fungate iishe, na mfiwa aliombwa kwa adabu apunguze kilio, kwa sababu majirani nao wana shughuli zao. Watu walipokutana njiani mmoja aliuliza, "U hali gani?" na mwenziwe akajibu, "Kiasi." Aliyethubutu kujibu "Njema sana" au "Mbaya sana" alitazamwa kana kwamba ametoka nje bila nguo.

Nchi hiyo ilipakana na mbuga ya Labda upande wa kaskazini, bonde la Pengine upande wa kusini, na vilima vya Tutaona upande wa magharibi. Mashariki ilikuwapo bahari, bahari pana na tukufu, iliyonguruma mchana na usiku mlangoni pa watu wale kama mgeni asiyefunguliwa. Lakini Wavuguvugu waliiita Ukingoni, kwa kuwa hapakuwa na raia aliyependa kuingia humo zaidi ya kiunoni. Wavuvi wao waliburuta nyavu katika maji ya kina kifupi, wakapata samaki, na samaki wale wakaoza kabla ya adhuhuri, kwa sababu jua la nchi ile halikuwa na huruma. Uvundo wa soko ulifika mpaka mjini. Waziri mmoja wa zamani alishauri uitwe Manukato ya Riziki, na tangu hapo hakuna aliyelalamika tena.

Desturi hii ya uvuguvugu, kama desturi nyingi zinazotesa umma, ilizaliwa na maumivu ya mtu mmoja. Sultani Pupa, babu wa mababu wa watawala wa nchi ile, aliungua ulimi kwa uji wa moto mbele ya mabalozi, akatoa ukelele usiofanana na taji. Kesho yake ilitoka amri kwamba kisiletwe mbele ya kiti cha enzi kitu chochote cha moto. Wanazuoni wa siku zile, ambao hawakuungua ulimi lakini walijua kujipendekeza, waliongeza kwamba kama moto ni hatari kwa dola, basi kinyume chake ni hatari vile vile. Ndipo mitungi ya udongo ikakusanywa nchi nzima ikavunjwa, maana ilithibitika kwamba mtungi ukiwekwa kivulini hutoka jasho, na ukitoka jasho hubadilisha hali ya maji yaliyomo bila idhini ya mtu. Badala yake maji yote ya kunywa yalimiminwa katika sinia za bati na kuanikwa juani mpaka yakalingana na joto la mwili wa binadamu.

Neno baridi nalo likafutwa katika lugha. Watu walizaliwa, wakazeeka, wakazikwa bila kulisikia. Lilisalia neno burudani tu, kwa sababu wafutaji hawakutambua kwamba maneno hayo mawili ni mzazi na mwana, na masultani kwa kulipenda wakalifanya lakabu yao. Kila aliyetawala Vuguvugu aliitwa Burudani ya Raia, na aliitwa hivyo huku raia wakichuruzika jasho.

Karibu na ikulu, katika mji mkuu wa Juujuu, ulisimama Ukumbi wa Kupoza. Humo kila kiendacho kwa Sultani kilikaa kwanza: chakula, zawadi, dua, mashitaka, na watu wenyewe. Mtu aliingia na hasira ya kunyang'anywa shamba lake, akakalishwa kwenye benchi refu, akapepewa kwa vipepeo vya ukindu, akaulizwa maswali yale yale kwa sauti laini. Na alipofikishwa mbele ya kiti cha enzi alieleza kwamba inasemekana paliwahi kuwa na shamba. Raia wenye ulimi mkali, nao hawakosekani hata katika nchi kama ile, waliongeza herufi moja tu katika jina la jengo hilo, wakaliita Ukumbi wa Kupooza. Serikali ilisikia, ikaona ni utani wa kiasi, ikawaacha.

Basi katika enzi ya Sultani Kadiri, mtu mpole, mnene, mwenye haya, ambaye hakuwahi kumdhuru mtu wala kumfaa, visima vya mji wa Kiu viligeuka chumvi. Kiu ulikuwa mji wa pwani wenye watu wachapakazi na misikiti mizuri ya mawe. Waziri Wastani, mshauri mkuu wa dola, alipendekeza watu wa Kiu wahamishiwe bonde la Pengine, ambako maji yalikuwa yakitarajiwa. Sultani alikubali kwa namna yake: wangehama mwisho wa kiangazi, ikiwa maji matamu hayajapatikana. Kazi ya kuyatafuta alipewa Mhandisi Mkuu wa dola, Bi Dadisi binti Makini, mwanamke aliyesoma ng'ambo kwa gharama ya serikali na aliyezaliwa Kiu kwenyewe. Wazazi wake walizikwa pale, na yeye aliapa moyoni kwamba hawatabaki peke yao.

Dadisi alichimba ardhi, akapata chumvi. Alitazama mbingu, akapata jua. Ndipo akageukia upande ambao hakuna Mvuguvugu aliyependa kuutazama kwa muda mrefu. Alikodi mashua na mabaharia kutoka nchi jirani, akavuka mwamba, akafika mahali ambapo rangi ya maji hugeuka ghafla kutoka buluu mpaka karibu na weusi, na hapo akateremsha chupa ya shaba yenye kifuniko kinachojifunga chenyewe kikivutwa.

Kamba ilishuka. Ilishuka mpaka mabaharia wakaacha mazungumzo yao. Wakaunganisha kamba nyingine, nayo ikashuka. Wakaunganisha nyingine, na nahodha akaanza kusoma dua chini kwa chini. Chini ya mbao zile nyembamba walizokalia palikuwa na milima ambayo hakuna jicho lililoiona, na mabonde ambayo mchana haujapata kuingia tangu kuumbwa kwake, na maji yaliyolala humo kabla sultani wa kwanza hajafikiriwa na kabla lugha haijapata neno la kumwita. Maji hayo hayakuwa na habari na jua, wala na sisi. Dadisi aliiinamia ile kamba inayotetemeka, akahisi kwamba dunia aliyoijua maisha yake yote ilikuwa ngozi tu ya dunia nyingine iliyo kubwa zaidi.

Chupa iliporudi aliishika, akapiga ukelele, akaiachia. Alidhani imemng'ata. Kisha akaiokota kwa mikono miwili, akaiweka shavuni, akabaki hivyo akilia na kucheka mbele ya mabaharia waliodhani amerukwa na akili. Alikuwa amelisoma neno lile zamani katika vitabu vya ng'ambo, akadhani ni tashbihi ya washairi.

"Jamani," alisema, "kumbe ni kweli. Baridi ni kweli."

Watu wa Kiu walifanya kazi kama watu waliokwisha kuonyeshwa mlango wa kutokea. Waliunganisha bomba kipande kwa kipande, wakalifunga vizito, wakalilaza juu ya mteremko wa bahari mpaka likafika gizani. Dadisi aliwafahamisha kwamba hawatahitaji kuyavuta maji yale kwa nguvu zao. Wakichimba shimo pwani, sakafu yake ikiwa chini ya usawa wa bahari, bahari yenyewe kwa uzito wake itayasukuma maji ya vilindini yapande ndani ya bomba mpaka shimoni. Walimwamini nusunusu, kwa kuwa hata wao walikuwa Wavuguvugu, lakini walichimba.

Siku maji yalipofika, ukungu mwembamba ulitanda juu ya shimo katika mchana wa jua kali, na umati ukarudi nyuma. Hakuna aliyewahi kuona ukungu. Muuza samaki mmoja, mama wa makamo aliyeitwa Bi Ropoka, alikunja kanga yake, akatumbukiza mguu, akaruka juu akipiga yowe lililosikika mpaka sokoni.

"Yarabi! Yananiuma!" alisema, na papo hapo akaurudisha mguu. "Yananiuma halafu yananifurahisha! Njooni, msinitazame tu!"

Wakaja, na mji mzima ukapiga yowe mmoja baada ya mwingine, na watu waliojibu "kiasi" tangu utoto wakashikana mikono wakicheka. Lakini ajabu kubwa ilikuwa bado. Shingo ya bomba, ile shaba iliyoachwa wazi mtaroni kabla ya kuingia shimoni, ilianza kutoka jasho. Matone yakajaa juu yake, yakakutana, yakatiririka. Dadisi akakinga kiganja, akaonja, akawapa wengine waonje, na kelele zote zikazimika. Hayakuwa na chumvi. Yalikuwa maji ya hewani, yaliyokuwa yakipita vichwani mwa watu wa Kiu miaka yote ndani ya upepo wa joto bila kupata pa kutua. Na sasa yalikuwa yametua.

Dadisi aliiona nchi nyingine kabisa siku ile. Aliona safu za mabomba ya shaba yakitoka jasho la kunywesha mji mzima. Aliona maji ya vilindi yakipitishwa ndani ya kuta za maghala ili samaki wasioze, na ndani ya kuta za hospitali ili wenye homa walale. Kisha yakiingia mabwawani, maana yalibeba rutuba iliyolimbikizana huko chini karne kwa karne, na mwani na chaza wangestawi humo. Na chumvi yake safi ikiuzwa ng'ambo. Kwa yote hayo alihitaji idhini ya Sultani na shaba ya dola. Akajaza madebe maji ya shimoni, akayapeleka Juujuu yawe ushahidi.

Hapo ndipo lilipotendeka kosa ambalo lisingetendeka katika nchi nyingine yoyote, na lililonishangaza zaidi ni kwamba alilitenda yeye mwenyewe, na elimu yake yote. Alizaliwa akiziona sinia zile za bati, akazipita kila siku akienda chuoni, na hakuwahi kufikiri kwamba zinafanya kazi yoyote. Madebe yalipofika, watumishi wa Ukumbi wa Kupoza waliyafungua, wakayamimina siniani, wakayaanika. Ndipo yakapelekwa mbele ya kiti cha enzi. Sultani Kadiri alichovya kidole, akaonja, akajifuta kwa leso.

"Haya ni maji ya Ukingoni," alisema. "Yana chumvi. Mengine ni kiasi."

Waziri Wastani alifurahi, kwa kadiri waziri wa nchi ile alivyoruhusiwa kufurahi. Alimshitaki Dadisi kwa kosa la Kurudufu, yaani kuleta kwa taabu ya umma kitu ambacho umma unacho tayari mlangoni. Adhabu yake ilijulikana: bomba likatwe lizame, mhandisi apelekwe Labda asirudi, na Kiu ihame bila kusubiri mwisho wa kiangazi. Mafundi wa kukata walitangulizwa pwani na misumeno yao, wangojee hukumu.

Dadisi alikalishwa katika Ukumbi wa Kupoza pamoja na mashahidi wake. Walipepewa. Mpozaji mwenye sauti ya asali aliwapitia mmoja mmoja.

"Bi Dadisi, una hakika ni maji yaliyobadilika? Huenda mkono wako ulikuwa na joto siku ile."

"Nina hakika, bwana."

"Bila shaka. Na hakika hiyo ni ya kadiri gani?"

Swali hilo liliulizwa tena, na tena, kwa upole uleule, na kila lilipoulizwa jibu lake lilipungua urefu. Dadisi alihisi jambo la kutisha likitokea ndani yake: alijaribu kuikumbuka ile chupa shavuni, akaikumbuka shaba, akaikumbuka mashua, lakini baridi yenyewe haikuja. Akajiuliza kama kweli aliipata au aliitamani tu. Alilia kwa hofu, na hata machozi yake yalikuwa na joto la mwili. Ndipo, akitafuta pa kuelekeza macho, akatazama dirishani, akaziona sinia za bati uani zikimeta juani, na mtumishi akigusa maji ya moja kwa kiwiko kuhakikisha kwamba hayahisiki.

Alisimama ghafla, benchi likalia. Alitazama juu ya mlango, mahali sheria ya Sultani Pupa ilipochongwa kwa herufi za dhahabu: Chochote kiendacho kwa Sultani kipozwe kwanza. Aliisoma kama mtu anayeisoma mara ya kwanza, na akatulia. Mpozaji aliona utulivu ule, akaandika kwamba mshitakiwa yu tayari.

Baraza lilijaa. Waziri Wastani alisimama, akainama kwa heshima, asiiname mno.

"Mtukufu, Burudani ya Raia," alisema, "mshitakiwa ametumia shaba na nguvu za umma kuleta maji ya bahari mahali palipo na bahari. Ushahidi umeonjwa na Mtukufu mwenyewe. Nawaita hata mashahidi wa upande wake, wasije wakasema tumewanyima nafasi."

Bi Ropoka akaletwa mbele. Ndiye yule aliyeruka na kupiga yowe, lakini sasa mabega yake yalikuwa yameshuka na macho yake yalikuwa ya mtu aliyeamshwa kabla ya wakati.

"Uliingiza mguu majini, mama?" aliuliza Waziri.

"Niliingiza, Bwana Waziri."

"Ukaonaje?"

"Yalikuwa..." Alimtazama Dadisi, akahangaika, akatafuta kitu ndani ya nafsi yake asikipate. "Yalikuwa ya kiasi, nadhani. Inasemekana nilipiga kelele."

Watu wa Kiu waliokuwa nyuma waliinamisha vichwa. Sultani akampa Dadisi ruhusa ya kujitetea.

"Mtukufu," alisema Dadisi, "Bwana Waziri amesema kweli tupu. Maji uliyoonja yalikuwa ya Ukingoni, kwa sababu yalikuwa yamefanywa ya Ukingoni kabla hayajakufikia. Nilikuletea baridi, na baridi ikapikwa uani pako. Nami nilitenda kosa kuileta, na kosa hilo nalikiri."

"Amesema neno gani?" Waziri alimwuliza karani wa baraza. "Lisiandikwe. Halimo katika lugha."

Lakini Sultani Kadiri alikuwa amelisikia, na likamwasha kidogo masikioni. "Baridi," alirudia polepole. "Hilo ndilo nini, Bi Dadisi?"

"Siwezi kukueleza, Mtukufu. Nilijieleza mwenyewe humo ukumbini mpaka likaniponyoka. Ila najua kwamba unalivaa kila siku. Wewe ni Burudani ya Raia. Burudani ni mtoto wa neno hilo. Ni raha aipatayo mtu aliyeungua anapoguswa na baridi. Umepewa jina la mtoto, Mtukufu, na hujapata kumwona mzazi wake."

Sultani aliitazama mihuri yake, na zulia lake, na mapazia yaliyoshonwa lakabu ile kwa nyuzi za fedha kila pembe. Mtu yule hakuwa mwovu, na kwa mara ya kwanza alishuku kwamba amekuwa akiitwa jina la mtu mwingine. Alipozungumza, sauti yake ilikuwa ya chini.

"Basi aletwe huyo mzazi nimwone."

"Akiletwa hutamwona, Mtukufu. Sheria inasema chochote kiendacho kwa Sultani kipozwe kwanza. Haisemi neno juu ya mahali aendapo Sultani."

"Sultani haendi!" alisema Waziri Wastani, kwa sauti iliyokuwa karibu sana na moto. "Hajapata kwenda tangu enzi ya Pupa. Vitu ndivyo vimwendeavyo!"

"Kwa hiyo haikukatazwa," alisema Sultani Kadiri, akaomba viatu vyake. Ilichukua muda kuvipata.

Safari kutoka Juujuu mpaka Kiu si ndefu, lakini kwa mtu yule ilikuwa kama kuzaliwa. Alikataa machela baada ya hatua chache, kwa kuwa wapagazi walikuwa wakipepewa na yeye alitaka kuhisi mwenyewe kwa nini. Mchanga ulimchoma nyayo kupitia ngozi ya viatu, akaruka. Walipokaribia soko la pwani alisimama, akaziba pua.

"Hii ni nini?"

"Manukato ya Riziki, Mtukufu," alisema Waziri.

Sultani alitazama samaki waliolala juu ya meza, matumbo yamevimba, nzi wakiwazingira, na wanawake wakiwamwaga kwa ndoo baharini walikotoka. Alitazama muda mrefu.

"Huu ni uvundo," alisema, na wote waliofuatana naye wakashtuka, kwa maana hakusema uvundo wa kiasi.

Walipofika Kiu, mafundi wa kukata walikuwa wamekaa juu ya bomba na misumeno magotini. Hawakuonekana kama watu wanaongojea kazi. Walikuwa wameegemeza migongo yao katika ile shaba, macho wameyafumba, nguo zimewalowa jasho lisilo lao. Walipomwona Sultani walisimama kwa aibu. Sultani alilikaribia bomba, akaona matone yakizaliwa juu yake kutoka hewani, mbele ya macho yake, bila mtu kuyamimina. Alilamba moja kama mtoto. Kisha akaona ukungu juu ya shimo, na maji chini yake, meusi na safi na kimya, yakipanda bila kusukumwa na mkono wowote.

"Yanatoka wapi?" aliuliza, na sauti yake ikashuka yenyewe kama sauti ya mtu aliyeingia msikitini.

"Mahali ambapo jua halijafika, Mtukufu," alisema Dadisi. "Wenzetu wa ng'ambo wanasema yalizama upande wa ncha za dunia, yakatambaa gizani muda ambao ufalme wako wote ni kama kupepesa jicho ndani yake. Yamefika leo."

Sultani Kadiri alipiga magoti ukingoni mwa shimo, akakunja mkono wa joho lake, akaingiza mkono mpaka kwenye kiwiko.

Ukelele alioutoa haukufanana na taji. Ulifanana na ule wa Sultani Pupa, lakini wa Pupa ulifunga milango ya nchi na huu uliifungua. Machozi yakamtoka, akacheka, akasema "La ilaha illallah," akasema tena, na umati wote wa Kiu uliosimama kando ya shimo ukaishiwa pumzi, kwa sababu walijua sura ile; kila mmoja wao alikuwa nayo siku ya kwanza. Bi Ropoka alijipenyeza, akatumbukiza mguu pembeni ya mkono wa Sultani, akapiga yowe lake la zamani.

"Sikudhani!" alilia. "Mtukufu, sikudhani tu! Niliona kweli!"

Lakini Waziri Wastani alikuwa mtu wa sheria. Alisogea, akainama.

"Mtukufu, umetoa sauti isiyo ya kiasi. Sheria inataka mtu wa hali hiyo apelekwe Ukumbi wa Kupoza kabla hajanena neno la hukumu. Tafadhali toa mkono, turudi Juujuu, na ukishatulia utaamua kwa haki."

Waziri alikuwa amesema kweli, na sheria ilikuwa upande wake. Na Dadisi aliyajua mabenchi yale. Aliwaza Sultani akipepewa, akiulizwa hakika yake ni ya kadiri gani, akitoka na kusema kwamba inasemekana aligusa maji. Mafundi waliokota misumeno yao taratibu, wakimtazama mtawala.

Sultani hakuutoa mkono. Vidole vyake vilikuwa vimeanza kuuma, kisha vikaanza kupotea, na midomo yake ilikuwa ikitetemeka. Lakini aliuzamisha zaidi, mpaka joho likalowa begani.

"Nikiutoa utapata joto, Wastani," alisema, "na ukipata joto nitarudi kuwa kama wewe. Hukumu nitaitoa ukiwa humu humu. Karani, andika."

Karani alifungua karatasi kwenye goti, na Sultani akanena, haraka, kama mtu anayeokoa vitu nyumba ikiungua. Bomba lisikatwe. Kiu isihame. Shaba ya mapambo ya ikulu ing'olewe, iyeyushwe, ifanywe mabomba. Sinia za bati zikusanywe uani na asiwepo wa kuanika tena maji ya mtu, na mfinyanzi yeyote anayekumbuka namna ya kufinyanga mtungi aitwe afundishe. Ukumbi wa Kupoza upitishiwe maji ya vilindi katika kuta zake, uhifadhi samaki na dawa, ili kwa mara ya kwanza tangu ujengwe ufanye kazi ya jina lake.

"Na hayo maji, baada ya kazi?" aliuliza, meno yakigongana. "Tutayamwaga?"

"La, Mtukufu," alisema Dadisi. "Yarudishwe chini kwa bomba lake, kwenye tabaka linalofanana na hali yake. Tukiyamwaga kina kifupi yatawachafulia samaki makazi. Na tusichote zaidi ya tunavyoweza kurudisha. Ni wageni wetu; hatukuwaumba."

"Andika na hilo," alisema Sultani. "Kama alivyolisema."

Sasa kila hukumu ya Vuguvugu, tangu enzi ya Pupa, ilimalizika kwa maneno yasiyobadilika, nayo karani aliyajua hata usingizini: Imetolewa vuguvugu, mbele ya kiti cha enzi. Alipofika hapo kalamu yake ilisita. Alitazama kiti cha enzi, hakikuwapo. Alimtazama Sultani, aliyekuwa amelala kifudifudi mchangani, buluu midomoni, anatabasamu.

"Mtukufu," aliuliza, "niandike imetolewa katika hali gani?"

"Andika imetolewa baridi."

Karani alitia kalamu kwenye wino, akaishika juu ya karatasi, asiishushe. Alikuwa mwandishi hodari, mwana wa mwandishi, na hakuwahi kuaibika mbele ya neno. Alimgeukia Dadisi, akanong'ona amsaidie, kwa kuwa neno lile hajaliona popote na hajui linavyoandikwa. Dadisi hakumtajia herufi yoyote. Aliichukua kalamu mkononi mwake, akaushika mkono ule uliobaki mtupu, akauongoza taratibu mpaka majini kando ya mkono wa Sultani.

Karani akapiga yowe. Kisha akautoa mkono wake unaodondoka maji, akaomba kalamu yake, akaliandika lile neno bila kuuliza.